Fundi wa Makochi Yasiyoshika Moto

Alipotaka kukuuzia kochi, Fundi hakuanza na bei. Alianza na kiberiti. Alichomoa kipande cha sponji kutoka kwenye gunia lililokuwa miguuni pake, akawasha njiti mbele ya macho yako, akaishikilia penye ncha ya sponji mpaka vidole vyake vikakaribia kuungua. Sponji ilinywea, ikawa nyeusi, ikatoa harufu ya kukereketa koo, lakini haikushika moto. Halafu alichukua kipande kingine, cha yale magodoro ya bei rahisi yanayouzwa mjini Nyeri, akakigusa mara moja tu. Kiliwaka papo hapo na kuanza kudondosha matone ya moto sakafuni. Alikikanyaga kwa kandambili, akakutazama.

"Sasa wewe uko na watoto na jiko ya makaa kwa nyumba," alisema. "Chagua."

Sijawahi kumwona mteja akichagua kile kingine. Mimi mwenyewe nilinunua seti nzima kwake, na watoto wangu wamelala juu yake wakitazama televisheni kwa miaka.

Karakana yake ilikuwa Gatitu, nje kidogo ya mji, kibanda cha mabati kando ya barabara, kati ya duka la mbegu na kinyozi. Wageni waliofika mara ya kwanza walimsalimia mume wake, aliyependa kuketi mlangoni na redio, wakamweleza habari za kochi lililovunjika mguu. Mzee aliwasikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza, kisha akawaonyesha ndani kwa kidevu: "Fundi ni huyo mama." Mzee mwenyewe alikuwa karani mstaafu na hakujua hata kushika nyundo. Alimpenda mkewe waziwazi, na wazee wenzake walimcheka kwa hilo.

Mimi ni afisa wa lishe katika zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Kazi yangu ni kupima watu uzito na kuwaambia wale nini. Wanawake wa hapa huniita Daktari. Mimi si daktari, na kwa miaka kumi na mitano sikumsahihisha hata mmoja wao. Naanza na aibu hiyo ndogo kwa sababu ile kubwa ilitokana nayo.

Sponji yake Fundi aliitoa Nanyuki. Kule hoteli hubadilisha viti mara kwa mara, na kwenye kambi ya wanajeshi wa kigeni huuzwa kwa mnada makochi na magodoro ambayo kwetu bado ni mapya. Fundi alipanda mara mbili kwa mwezi, akarudi na pikapu iliyojazwa hadi ikainama nyuma. Kila kochi la namna hiyo lina kitambulisho cha kitambaa cheupe kilichoshonwa chini, kinachosema kwa Kiingereza kwamba sponji imetiwa dawa ya kuzuia moto. Watu wengine huvikata vitambulisho hivyo na kuvitupa. Yeye alivikata, akavifua, akavishona upya mbele ya kochi, pale ambapo mgeni akiketi ataviona kati ya magoti yake. Nilimwambia inaonekana kama sare ya mtoto wa shule iliyoshonwa jina. Alinijibu kwamba nguo nzuri huvaliwa ikionekana.

Hakuwa anatania kuhusu moto. Aliwahi kuona nyumba ya jirani ikiteketea, na kilichowaka kwanza kilikuwa kochi, mshumaa ukiwa umeanguka juu yake. Hakupenda kuisimulia. Ukimwuliza, alisema tu, "Ilichukua dakika ngapi? Hata chai haingechemka." Kwake mshumaa haukuwahi kuwashwa tena, hata stima ilipopotea juma zima. Walikaa na tochi.

Kazi yenyewe aliifanya kwa namna ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Alipasua kochi kuukuu, akatoa sponji, akaitundika kwenye waya na kuipiga kwa fimbo ili itoe vumbi. Kisha aliketi na kuinyofoa kwa vidole, vipande vidogo vidogo kama mtu anayepukuchua mahindi kwa mkono, kwa sababu mto uliojazwa chengachenga hizo haubonyei upande mmoja. Mashine ya kusaga sponji ipo, lakini alisema mashine haijui kuchagua. Alinyofoa asubuhi, alinyofoa mchana, alinyofoa akiongea na wewe. Vumbi lake lilikuwa laini, la rangi ya unga wa mahindi ya manjano, nalo lilitua kila mahali: kwenye kope zake, kwenye mabega, juu ya chai. Alipuliza chai akanywa. Ukimwambia afunike kikombe alicheka. "Hii vumbi ndio chumvi yetu," alisema. "Bila hii hatukuri."

Hapo ndipo lafudhi ya kwao Wamagana, ya kutia r mahali pa l, ilipotoka, naye alijua, akaitia makusudi ili nicheke. Nami nilicheka. Mimi, mtu wa lishe, nilikuwa nimesimama pale nikitazama kila alichokula kikinyunyiziwa vumbi lile, na nilichomwambia kila mara ni apunguze chapati.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Aliwakalisha watu wa Gatitu wote juu ya makochi laini, naye alikalia mtungi wa plastiki uliopinduliwa. Aliwapigia wateja kelele wakichelewa kuja kuchukua viti vyao, lakini yeye hakuwahi kumaliza kiti siku aliyoahidi. Aliogopa mbwa, hata watoto wa mbwa, na aliwahi kumfukuza mwizi kwa nyundo hadi kituo cha petroli. Alikuwa mkali kwa maneno na mnyofu kwa vitu. Pale mjini kuna familia ya Kihindi inayouza vitambaa tangu wakati wa babu zao, na mwenye duka aliniambia siku moja kwamba kati ya mafundi wake wote ni huyu peke yake anayerudisha kitambaa akikuta amekatiwa zaidi. "Hata kikizidi kiganja hiki, anarudi nacho," alisema, akanionyesha kiganja. "Mimi namwambia, Fundi, kaa nacho, shona mto. Anakataa. Anakasirika hata."

Kwa unyofu huo wanawake wa chama chetu cha kusaidiana walimpa stoo. Asiyejua sherehe za kwetu huenda asione uzito wake. Kukiwa na ruracio, watu wanapopeleka mahari, au harusi, au mazishi, chakula chote hufungiwa chumba kimoja, na mwanamke mmoja huketi mlangoni na ufunguo. Huyo ndiye anayejua nyama imebaki kiasi gani, nani hajala, sahani ipi ya wazee isiguswe. Hawezi kuonja wala kumpendelea dada yake. Mwenye stoo akiharibu, wenyeji huaibika mbele ya wakwe. Fundi alikalia mlango huo karibu miaka kumi, katika sherehe nisizoweza kuzihesabu, na wageni hawakuwahi kuondoka na njaa. Hakujivunia makochi yake jinsi alivyojivunia mlango ule.

Nilipomjua alikuwa mwembamba. Nina kumbukumbu yake akibeba kochi la watu wawili kichwani kuvuka barabara. Halafu alianza kunenepa, pole pole kwanza, kisha kwa kasi. Wakati huo mimi nilikuwa nimeanzisha mpango wangu wa Jumanne katika ukumbi wa kanisa, na niliupenda kama mtu anavyoupenda ujanja wake mwenyewe. Kila mwanachama aliandika kwenye daftari alichokula wiki nzima. Jumanne tulipima uzito mbele ya wote, kisha kila mmoja akasoma daftari lake kwa sauti. Aliyepungua tulimpigia makofi. Aliyeongezeka tulimcheka kidogo, nami nilisema kicheko ni dawa.

Fundi alisoma lake kwa sauti ileile aliyosomea vipimo vya vitambaa. "Asubuhi chai haina sukari, nusu ya nduma. Saa saba githeri ya maharagwe, vijiko saba. Jioni ugali kama ngumi yangu, na mboga." Kisha alipanda mizani, na mizani ilikuwa imepanda tena. Wanawake waliangaliana. Mimi niliinua nyusi, na nilihakikisha wameona nikiinua.

Ikafika wakati mizani ya zahanati haikumtosha, maana mwisho wake ni kilo mia na ishirini. Ningeweza kuandika tu kwamba amezidi hapo. Lakini mimi nilitaka namba kamili. Nilimpeleka kwenye kiwanda cha kahawa, msimu wa kuvuna, nikamwomba karani atupishe kwenye mizani ya magunia. Wakulima walikuwa wamepanga foleni na madebe yao. Fundi alivua viatu, jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye, akapanda, akasimama katikati ya ile mizani akiwa ameshika koti lake mbele kwa mikono miwili. Karani aliita namba kwa nguvu kama alivyozoea kuita kilo za kila mkulima. Mtu mmoja nyuma aliuliza hiyo ni kahawa ya gredi gani. Fundi alicheka pamoja nao. Tuliporudi barabarani aliacha kucheka, nami nilijaza fomu yangu nikitembea.

Jumanne iliyofuata ndiyo ninayotaka kuisema. Alisimama na daftari lake akaanza, "Asubuhi chai haina sukari," nami nikamkatiza.

"Fundi," nikasema, "mwili haudanganyi. Kinachodanganya ni daftari."

Alishusha daftari. "Daktari, mimi nimeandika chenye nimekula."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

"Kwani unanenepa kwa hewa?"

Walicheka wote. Nilikuwa nimekisema ili wacheke. Aliketi, akafunga daftari, akaliweka chini ya paja lake. Hakuja tena Jumanne. Nilimweleza mwenyekiti wa chama kwamba watu wa namna hiyo huwa hivyo, wakishikwa wanakimbia. Nilitumia neno hilo, wakishikwa.

Mwezi uliofuata kulikuwa na ruracio kwa mmoja wetu, na ufunguo wa stoo ulipewa mama mwingine. Hakuna aliyemwambia Fundi sababu. Haikuhitajika. Mtu anayekula kwa siri na kusema hajala hawezi kuketi mlangoni pa chakula cha watu. Alikuja hata hivyo, akaketi na wageni, na niliona sahani yake ikirudi jikoni kama ilivyotoka. Nilidhani anajionyesha.

Miaka minne baadaye tuliitwa semina mjini, sisi wa lishe na wale wa afya ya jamii. Nilitarajia maharagwe na madini ya chuma. Alisimama mhadhiri mmoja, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, akazungumzia vitu vya nyumbani. Alisema dawa zinazotiwa kwenye sponji ili isishike moto hazishikamani nayo sawasawa. Sponji ikizeeka, ikisuguliwa au kupasuliwa, dawa hutoka na vumbi, vumbi huingia puani, hushika vidole, huliwa na chakula. Akasema mwilini mwetu zimo chembe hai changa, yaani seli, ambazo hazijaamua zitakuwa nini. Zinaweza kuwa mfupa, zinaweza kuwa mafuta. Watafiti wameziweka chembe hizo maabarani pamoja na baadhi ya dawa hizo, na nyingi zikageuka kuwa chembe za mafuta. Kwa panya pia wameona dalili. Kwa binadamu bado hawana hakika, akarudia hilo mara mbili, lakini alisema tusiwe wepesi kumwambia kila mtu aliyenenepa kwamba siri iko kwenye sahani yake.

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Niliweka kalamu chini. Mwenzangu aliniuliza kama naumwa. Niliona aibu kiasi kwamba nilipopewa chakula cha mchana nilikwenda kukilia nyuma ya basi letu.

Nilichukua wiki mbili kuvuka barabara ambayo huvukwa kwa hatua ishirini. Nilimkuta pale pale, juu ya mtungi, akinyofoa. Alikuwa mzito zaidi, na miguu yake ilikuwa imevimba. Mzee alizima redio nilipoingia.

"Fundi, nimekuja kukuomba msamaha."

"Ya nini?" Vidole vyake viliendelea.

Nilimweleza yote niliyosikia, kuanzia dawa ya moto hadi chembe za mafuta. Nilipofika kwenye vumbi vidole vilisimama. Alitazama gunia lililokuwa miguuni pake, akatazama mikono yake pande zote mbili.

"Kwa hivyo haikuwa chapati," alisema.

"Sijui. Hawajapima watu wa kazi yako. Wanasema inaweza kuwa vumbi. Hakuna anayejua kwa hakika."

"Lakini nilikuwa nasema ukweli."

"Ulikuwa unasema ukweli. Hilo nilipaswa kulijua bila semina."

Mzee alikohoa. Kwa kawaida hakuingilia mazungumzo ya mkewe na wateja. "Daktari, unajua huyu aliniambia nimchunge?" alisema. "Mwaka mzima. Ati labda anakula na hajui. Nilikuwa napima githeri na kikombe. Kabati ya jikoni nafunga na kufuli, ufunguo nakaa nayo kwa mfuko. Natoka kwa redio nakuja kuangalia kama anatafuna. Na sikuona kitu. Hata siku moja."

"Wewe umesoma," Fundi akaniambia, bila hasira yoyote, na afadhali angenitupia nyundo. "Mimi nilijua sijakula. Lakini ukisema mbele ya watu, nikaona labda kuna mtu mwingine ndani yangu anakula. Nikaanza kumtafuta."

Nilianza kumshauri afunge leso mdomoni, alowanishe sponji kwanza, anawe kabla ya kula, ale nje. Alitikisa kichwa kwa kila shauri kama mteja anayesikia bei. Aliuliza kama sponji isiyo na dawa haishiki moto, nikasema inashika, akasema basi hapo ni shida, atafikiria. Kisha akarudi kwenye ule msamaha.

"Hii umeniambia mimi, mimi nilikuwa najua," alisema. "Sasa enda uwaambie wale. Mahali ulisemea."

"Jumanne," nikasema.

"Nitakuja nikusikie."

Alikuja. Aliketi nyuma, karibu na mlango, na Mzee akabaki nje. Nami nilisimama mbele na kufanya jambo ambalo sikulitarajia hata kwangu. Nilifundisha. Nilizungumza dakika ishirini juu ya vumbi la sponji, vizuri kabisa, nikachora hata chembe ubaoni. Niliwaambia wapanguse kwa kitambaa chenye maji, wasiache watoto wanyofoe magodoro kuukuu. Mwishoni nikasema, "Na baadhi yetu wahudumu tumekuwa tukiwalaumu watu bila kujua." Baadhi yetu. Walinipigia makofi. Nilikuwa tayari nakusanya karatasi zangu.

Mkono uliinuka nyuma.

"Daktari," Fundi alisema, "kati ya hao watu walilaumiwa, uko na mmoja unamjua?"

Wote waligeuka kumtazama, kisha wakageuka kunitazama mimi. Nilitamani mtu aingie, mtoto alie, simu ya mtu ilie. Aliningoja. Hakunisaidia wala kunisukuma.

"Ni wewe," nikasema. "Na aliyekuita mwongo ni mimi. Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Uliandika ulichokula, na mimi niliwafanya watu wakucheke. Halafu wakakunyang'anya stoo kwa ajili ya maneno yangu." Sauti yangu ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya mtoto wa shule. "Na mimi si daktari. Hilo pia mlijue."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, akainuka, akaenda jikoni. Siku hiyo kulikuwa na mukimo wa viazi vya kuponda na kitoweo. Alirudi na sahani ambayo ameipakua mwenyewe, imejaa, akapita katikati ya ukumbi na kumpa Fundi kwa mikono miwili. Wengine walisogea, wakamzunguka. Mmoja alimletea kijiko, mwingine maji ya kunawa. Nami nilisogea. Tulisimama tukimwangalia, na sote tulitaka jambo moja, ale tuone, tujue yamekwisha.

Aliinua kijiko. Kilifika karibu na mdomo, kikashuka. Alijaribu tena. Mkono ule ulioshikilia njiti bila kutikisika ulirudisha kijiko sahanini.

"Geukeni kidogo," alisema. "Tafadhali. Siwezi nikiangaliwa."

Tukageuka, wanawake zaidi ya ishirini, tukautazama ukuta. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote, na nilimsikia akila haraka haraka, akimeza kabla hajatafuna, kama mtu anayeiba.